Sirene ya Saa Nane

Nimekiweka juu ya meza, kando ya kurasa za tasnifu ambayo hii ni wiki ya tatu siiendelezi. Ni kipande cheusi kirefu kidogo kupita kidole cha kati, chenye tundu upande mmoja na ncha iliyochongwa mshazari upande wa pili. Ni kinywa cha saksofoni. Wanamuziki wa Lubumbashi hukiita bec, na nyumbani hatukuwahi kukiita vinginevyo. Juu ya ncha yake kuna mfereji mpana uliochimbwa na meno ya Baba kwa miaka mingi. Pembeni, mahali ambapo hakuna mpigaji anayeweka meno, kuna vidoti viwili vidogo, ambavyo nitavirudia mahali pake. Harufu yake ya kwanza ni ya mpira uliozeeka, kisha hufuata tumbaku, kisha, nikikishikilia puani kwa muda, hutoka unga wa mahindi. Kuhusu hiyo ya tatu sina hakika. Nimefunzwa kutilia shaka kipimo kinachonipa jibu nililokuwa nikilitamani, na harufu ya unga nimeitamani tangu siku tulipomzika Mama.

Kilioni, siku ya pili, wakati machozi ya kwanza yamekwisha na watu wanaanza kumkumbuka marehemu kwa vichekesho vyake, Mjomba Mukalay, mdogo wake Mama, alisimama katikati ya lupango, ua wa nyumba yetu, akiwa ameshika glasi. Alikuwa mpiga gitaa wa jazi ya kambi yetu, na kidole chake cha kati bado kina sugu ya uzi.

"Yaya alikuwa na sauti," alisema, kwa maana kwetu Yaya ni ndugu mkubwa, "lakini mawazo yake ilikuwa inatembea. Siku ya concours, muume anafungua sanduku mbele ya bakubwa: bec haiko. Tunatafuta mu sanduku, mu mifuko, mu viatu. Kumbe Yaya aliifungia mu kopo ya unga. Alitaka tukule bukari ya saksofoni."

Bukari ni ugali wetu, na watu walicheka. Wanawake wazee walicheka huku wakijifuta macho kwa pembe za vitenge. Baba, aliyekaa kwenye kiti chake na macho yaliyofifia, alicheka pia, polepole, kama anavyocheka kila mara kisa hicho kinaposimuliwa. Nami niliondoka nikasimama nyuma ya jiko, kwa sababu kisa hicho si cha kweli. Mama hakusahau kitu. Siku ya concours, yaani ya majaribio ya sauti, nilikuwa na umri wa miaka saba, na kilioni niliamini kwamba baada ya kufa kwake mimi peke yangu ndiye niliyebaki, katika familia yetu, ninayejua.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Bomba refu la moshi lilionekana kutoka kila lupango, na kilima cheusi cha mabaki ya tanuru ndicho kilichokuwa mwisho wa dunia yetu upande ule. Siku tano za wiki Baba alikuwa fundi wa mitambo. Jumamosi alikuwa mpiga saksofoni. Siku hizo kila bendi iliyokuwa na saksofoni ilijiita jazi, hata ikiwa ilichopiga kilikuwa rumba tangu mwanzo hadi mwisho. Jazi ya kambi yetu ilikuwa na haki ya jina hilo kwa sababu ya Mama. Kabla ya kuolewa alilea watoto katika nyumba moja ya Wazungu kule Golf, mtaa wa matajiri, na bibi wa nyumba alikuwa na desturi ya kupiga santuri za waimbaji wanawake Weusi wa Amerika kila alasiri, wakati Mama akipiga pasi. Alizijua zote bila kujua maana ya neno hata moja. Alijua mahali ambapo mwimbaji anavuta pumzi, mahali anapochelewa makusudi, mahali anapoiacha sauti ichubuke kidogo. Aliposahau maneno aliweka ya kwake, na ya kwake yalihusu nyumbani: "Mitwaba iko mbali, lakini njia yake iko mu kifua yangu." Waimbaji wengine waliukimbilia mdundo. Mama aliufuata nyuma kidogo, kama mtu anayemsindikiza mgeni bila haraka ya kuagana naye.

Hatukuwa na piano, wala chombo chochote cha kupimia sauti. Tulikuwa na sirene ya kiwanda. Kila Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa nane, wanamuziki walikaa kwenye viti vifupi kando ya ukuta wetu, vyombo magotini. Baba aliangalia saa yake ya mkono, akaweka bec mdomoni, akaanza kupuliza noti moja kwa upole ili ulimi wa tete upate joto na sirene isimkute baridi. Kisha sirene ikalia. Ilipanda, ikasimama, ikashuka. Na katika ule muda mfupi iliposimama, Mjomba Mukalay alizungusha vifungo vya gitaa lake, mpiga besi akafanya vivyo hivyo, na Baba akasukuma au akavuta bec kwenye shingo ya saksofoni hadi ikafika mstari wa rangi nyekundu alioupaka yeye mwenyewe. Mama hakuwa na cha kuzungusha. Alifunga macho, akaguna noti ile ile kwa midomo iliyofungwa, na aliyekuwa amekaa karibu naye aliweza kuhisi mbao za kiti zikitetemeka. Kampuni ilitupa nyumba, unga, shule na hospitali. Hapakuwa na ajabu kwamba noti nayo ilitoka huko.

Mimi nilikuwa nimeyatazama mambo hayo kwa makini, na nilikuwa nimefikia hitimisho. Baba alianza, sirene ikafuata. Hakuna Jumamosi hata moja ambapo sirene ilitangulia. Basi Baba ndiye aliyekuwa akiipa sirene sauti yake, naye aliifanya kazi hiyo kubwa bila majivuno, akiwa amevaa shati la nyumbani. Siku nyingine za wiki hakuwapo lupangoni saa nane, lakini hilo halikunisumbua. Alikuwa mle mle kiwandani, karibu na sirene yenyewe, na nilimwonea huruma Jumamosi tu, kwa sababu ilimbidi aipigie kwa mbali.

Jambo ambalo hata watu wazima hawakulijua ni kwamba sirene ilikuwa inazeeka. Sauti yake ilishuka mwaka hata mwaka, kidogo kidogo, kama bega la mtu anayebeba mzigo upande mmoja. Jazi yetu ilishuka pamoja nayo, na Mama akashuka pamoja na jazi. Nani angetambua? Watu wanaoshuka pamoja hawana mahali pa kusimama waone kwamba wanashuka.

Halafu ikaja habari kwamba jazi kubwa ya kampuni, ile ya mjini yenye tarumbeta tatu na piano, inatafuta sauti moja ya mwanamke. Atakayechaguliwa angezunguka nayo katika miji yote ya migodi na kuimba katika santuri. Wakati huo Mama, kama wanawake wengi wa kambi, alikuwa katika kikundi cha animation. Kila Jumatatu walicheza mbele ya bendera na kukisifu chama, wote wakivaa kitenge cha aina moja, na yeye alikuwa sauti moja kati ya arobaini. Jioni moja, akiosha sahani huku Baba akisugua saksofoni kwa kitambaa, nilimsikia akisema:

"Baba Ngoie, miye nataka bantu banisikie peke yangu. Mara moya tu. Nyuma ya pale banaweza kunirudisha mu animation, nitacheza mupaka magoti ivunjike."

"Batakusikia," alisema Baba.

"Na kama natetemeka?"

"Miye niko pembeni yako. Ukitetemeka, utaegemea ku saksofoni."

Majaribio ya sauti yalipangwa kufanyika Jumamosi, kuanzia saa saba na nusu, katika ukumbi wa mjini; saa nane ingewakuta huko. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Asubuhi ya siku hiyo nilimfuata Baba alipokuwa akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo.

"Baba, mukienda ku ville, sirene italia namna gani?"

"Italia tu."

"Nani ataipiga?"

"Iko na benyewe," alisema, akivuta shavu kwa vidole.

Hakunitazama hata kidogo. Nilielewa kwamba furaha ya siku ile imemsahaulisha wajibu wake. Angekuwa ndani ya ukumbi uliofungwa milango, mbali na kiwanda; sirene isingemsikia. Na sirene isipolia, watu wa zamu ya asubuhi wasingejua kwamba kazi imekwisha. Wangeendelea kulisha tanuru hadi waanguke. Miongoni mwao alikuwamo Baba Feza, jirani yetu, baba wa rafiki yangu. Nilifikiri sana. Kisha, wakati Mama akifunga kilemba na Baba akitafuta soksi, nilifungua sanduku la saksofoni, nikachomoa bec pamoja na tete lake, nikaificha ndani ya nguo.

Walipoondoka, nilikaa mahali pa Baba kando ya ukuta. Feza alinikuta pale.

"Uko na kintu gani mu mukono?"

"Bec. Nitapiga sirene."

"Weye? Sirene iko kubwa sawa nyumba."

"Baba anaipiganga kila siku."

"Bongo," alisema, yaani uongo.

"Kama sipige, baba yako atalala ku kazi."

Feza aliitazama bec. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote wa kambi ile, na nilimwona akipima uwezekano wa kwamba mimi ni mwongo dhidi ya uwezekano wa kwamba baba yake hatarudi. "Basi piga," alisema. "Piga mbio."

Sikuwa na saa. Nilingoja hadi watu wa zamu ya alasiri walipopita wakielekea lango la kiwanda, helmeti kichwani, mifuko ya chakula begani. Hapo nikaiuma bec kwa nguvu zangu zote, nikapuliza. Ulitoka mlio wa bata aliyekanyagwa.

"Njo hiyo?" aliuliza Feza. Alicheka hadi akakaa chini.

Nilipuliza tena, na tena, hadi machozi yakanitoka na meno yakaniuma. Na sirene ikalia. Ilipanda kutoka upande wa bomba la moshi, ikasimama juu ya mabati ya kambi nzima, na Feza aliacha kucheka akanitazama kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kunitazama. Baadaye kidogo baba yake alitokea kwenye kona, helmeti kwapani. Feza alimkimbilia.

"Baba, Ngoie njo alikutosha ku kazi."

Baba Feza alinitazama, mimi na kile kitu cheusi mkononi mwangu. Alivua helmeti iliyokuwa tayari kwapani, yaani alijifanya anaivua, akainamisha kichwa. "Aksanti sana, chef," alisema.

Yaliyotokea ukumbini nimeyajua baadaye, kutoka kwa Mjomba Mukalay, aliyekuwapo. Baba alifungua sanduku na bec haikuwamo. Kiongozi wa jazi kubwa, mtu mstaarabu aliyetoka mji mkuu, alisema si neno, piano itatosha. Alikaa mwenyewe, akapiga utangulizi. Mama akaingia, na sauti yake ikakaa chini ya piano. Si mbali, upana wa ukucha tu, lakini chini.

"Citoyenne, panda kidogo," alisema yule kiongozi; raia, ndivyo kila mwanamke alivyoitwa siku hizo.

Mama alipanda. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili sauti ilirudi polepole mahali pake, kama maji yanavyorudi kwenye usawa wao. Wakaanza upya. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu, asema Mjomba, Mama alikuwa ameshika kitambaa cha nguo yake kwa mikono miwili, na Baba alikuwa amesimama na saksofoni isiyo na kinywa, akiifungua na kuifunga ile mifuniko yake bila sauti. Ndipo sirene ikasikika kutoka mbali. Mama alifunga macho. Aliiacha piano, akaishika sirene, akaimba wimbo wake wa Mitwaba tangu neno la kwanza. Na sirene iliposhuka yeye hakushuka nayo, aliendelea peke yake hadi mwisho. Yule kiongozi alikuwa ameondoa mikono kwenye piano. Mtu aliyekuwa akifagia jukwaa alisimama na ufagio wake.

"Citoyenne," alisema hatimaye, "sauti yako iko ya kweli, na leo sijasikia ingine sawa yake. Lakini piano haiwezi kushuka, na weye haupande."

Walimchukua mwanamke mwingine.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo waliporudi. Niliona tu kwamba Mama amekwenda moja kwa moja kwenye bomba la maji lililokuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa, anaosha poda usoni. Ndani, Baba alikuwa akipindua kila kitu: magodoro, viatu, sufuria. Nilikuwa nimeishika habari yangu kwa muda mrefu mno. Nilimsogelea Mama.

"Mama, sirene ya leo, ni miye niliipiga."

Nikamwonyesha bec.

Aliitazama. Kisha alinitazama mimi. Maji yalikuwa yakimtiririka shavuni, na mengine hayakuwa ya bomba, lakini mtoto aliyetoka kuokoa zamu nzima ya wanaume haoni machozi ya huzuni popote. Nilidhani ni fahari.

"Ni weye?" aliuliza.

"Ni miye."

"Na nguvu yako yote?"

"Yote. Hata meno inauma."

Nikamsikia Baba ndani akiburuta kabati. Kisha Mama akanivuta hadi paji la uso wangu likagusa lake, lenye maji.

"Niliisikia," alisema. "Nilikuwa nimepotea, mutoto yangu. Njo yenyewe iliniokota."

Alichukua bec, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akaingia jikoni. Nilisikia mfuniko wa kopo la unga ukifunguliwa na kufungwa. Baada ya muda aliita, kwa sauti ya mtu aliyechoka na anayejichukia kidogo: "Baba Ngoie. Kuya uone. Iko huku mu unga. Asubui nilikuwa na mawazo mingi, mikono yangu haikujua yenye inafanya."

Baba alisimama mlangoni, bec imekuwa nyeupe kiganjani mwake. Aliitazama kwa muda mrefu, akaipuliza unga, akaigeuza. Nilifikiri atafoka. Badala yake alianza kucheka, na Mama naye akacheka, na tangu jioni ile kambi nzima ikawa na kisa. Mama akipita, wanawake kwenye foleni ya unga walimwuliza kama leo anapika gitaa au ngoma. "Gitaa," alikuwa akijibu. "Ngoma inakawia kuiva." Alirudi kwenye animation. Hakujaribiwa tena na mtu yeyote. Aliimba akipiga pasi.

Nilikua. Nilikwenda shule, kisha chuo kikuu, na kwa sababu ambazo sasa naona hazikuwa za bahati nasibu nilichagua kusomea mitetemo na sauti. Ni darasani, siku mwalimu alipoeleza jinsi king'ora cha mvuke kinavyobadilika kadiri shinikizo linavyopungua, nilipoelewa ukumbi ule. Tangu hapo nimejitetea na kujishtaki kwa zamu. Kwa upande mmoja, Baba angekuwa na bec angeisukuma hadi mstari wake mwekundu, yaani hadi kwenye sirene, na wangekuwa wawili chini ya piano badala ya mmoja. Kwa upande mwingine, Baba alikuwa na sikio. Angesikia, angeuvuka mstari, angepanda, na Mama angepanda akimwegemea, kama alivyoahidiwa. Hoja zote mbili ni nzuri. Nimeziandika mara nyingi, na hakuna inayoishinda nyingine. Mara tatu nilikuja nyumbani nikiwa nimekusudia kumwambia Mama kwamba sasa najua nilichofanya. Mara tatu alinipa kazi ya kuchambua sombe, majani ya muhogo, tukazungumza mambo mengine.

Siku ya mwisho ya kilio, wageni walipokuwa wameanza kufunga mikeka, Baba alinituma nimletee koti. Mfukoni mwake nilikuta bec. Saksofoni yenyewe ilikuwa mali ya kampuni, ilirudishwa alipostaafu. Bec tu ndiyo ilikuwa yake. Nilikwenda nayo kando ya ukuta, mahali pale pale. Kiwanda kilikuwa kimya, kama ambavyo kimekuwa kwa miaka. Sirene haijalia tangu zamani. Niliiweka mdomoni, nikapuliza. Tete lilikuwa kavu, limepasuka. Hata hivyo ulitoka ule mlio wa bata.

Kwenye kiti chake nyuma yangu Baba, ambaye masikio yake yalichoshwa na kiwanda na husikia nusu ya anachoambiwa, aliinua kichwa.

"Sirene ilisha kulia?"

"Hapana, Baba. Ni miye." Nikakaa chini, karibu na miguu yake. Nilikuwa nimeshika kile kitu kwa mikono miwili. "Baba, siku ile ya concours. Haikuwa Mama. Ni miye niliitosha mu sanduku."

Alinyoosha mkono, akaichukua bec, akaigeuza bila kuitazama, hadi kidole gumba chake kikafika pembeni, mahali ambapo hakuna mpigaji anayeweka meno. Akakishika kidole changu, akakiweka hapo. Vilikuwa vidoti viwili, vidogo, vya kina.

"Meno ya mama yako haikuwa midogo hivi," alisema.

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Nilipopuliza unga."

"Na ulikuwa unacheka. Miaka yote ulikuwa unacheka."

"Yeye alikupatia ile bongo ya unga, Ngoie. Kwa roho yake. Miye ningekunyanganya namna gani?"

Mtu alikuwa akikusanya viti. Baadaye Baba alinirudishia bec, akaifunga ndani ya kiganja changu kwa mikono yake yote miwili, kisha akaniambia nipige tena. Nilipiga, vibaya, pumzi ikinikatika, na nikataka kuirekebisha kwa kubana midomo ili ipande.

"Usipande," alisema. "Bakia pale pale. Mama yako alikuwa pale."

Najua kwa hakika, kama ninavyoyajua mambo machache sana maishani, kwamba bec peke yake, bila mwili wa saksofoni, haiwezi kutoa noti ya sirene ile. Sauti yake iko juu mno. Ningeweza kumwonyesha kwa hesabu. Nilibakia pale pale, nikapuliza, hadi akafumba macho.